Kwa mnaoanza kazi ya bahari: tuzo huanzia kwenye daftari

Vijana wanaotoka vyuoni, na viongozi wa vikundi vya ufukweni pia, huniuliza fomu ya tuzo inajazwaje. Swali ni zuri, ila huja limechelewa. Anayeketi kujaza fomu wiki mbili kabla ya siku ya mwisho hana tena la kufanya zaidi ya kupamba maneno. Kinachompa mtu au kikundi tuzo ya uhifadhi wa bahari kilishaandikwa, au hakikuandikwa, miaka kadhaa nyuma.

Tazameni Gazi, Kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Mwaka 2017 Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa kutunza mikoko, walipata Tuzo ya Equator, ambayo UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, imekuwa ikiwapa wanajamii na watu wa asili tangu 2002. Wengi walidhani wamezawadiwa kwa kupanda mikoko. Mikoko imepandwa pwani nzima, na mingi imekufa. Watu wa Gazi na Makongeni walikuwa na la ziada: hekta 117 za msitu uliopimwa, hesabu ya hewa ukaa ya kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka inayokaguliwa kwa kiwango cha Plan Vivo, kinachothibitisha miradi ya kuuza hewa ukaa, na fedha za mauzo hayo ambazo mwanakijiji anaweza kukuonyesha zilikokwenda, kwenye maji na shuleni. Nyuma yao walikuwepo watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, akiwemo Dkt. James Kairo, waliokuwa wakipanda na kupima pale tangu miaka ya 1990. Upimaji wenyewe ni kazi ya matope. Mmoja anazungusha utepe kwenye shina, anaita namba, mwenzake anaandika. Mkoko wenye mizizi ya juu haupimwi pale utepe unapofika kirahisi. Unapanda hadi juu ya mzizi wa mwisho, la sivyo mti unaonekana mnene kuliko ulivyo na hesabu yote ya hewa ukaa inaharibika. Waliofanya hivyo kwa uangalifu, siku ambazo hakuna aliyewaza tuzo, ndio walioijenga ile ya 2017.

Kwa hiyo somo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: pimeni kabla hamjagusa kitu. Kabla ya kufunga mwamba, yaani kusimamisha uvuvi hapo kwa muda, kabla ya kupanda mche, kabla ya kutoa nyavu za kokoro baharini, pateni hali ilivyokuwa. Ukishaanza kazi, siku ya kwanza hairudi tena.

Chukueni mfano wa pweza, kwa kuwa ndio kazi ambayo wengi wenu mtaanza nayo. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilikubali kupumzisha sehemu ya mwamba wake kwa miezi kadhaa kikisaidiana na Blue Ventures, shirika la uhifadhi wa bahari. Pweza hukua upesi mno, na jike hutaga mara moja tu maishani kisha hufa, hivyo kumwacha muda mfupi huonekana kwenye mzani. Vijiji jirani viliona, vikaiga, na baadaye Andavadoaka ikapata Tuzo ya Equator. Leo ufungaji wa aina hiyo upo Unguja, Pemba na sehemu nyingine za pwani yetu, na kila kikundi kina picha ya siku ya kufungua: ndoo zimejaa, watu wanacheka.

Picha hiyo haitoshi. Msomaji makini wa maombi yenu atauliza mambo matatu. Wiki mbili baada ya kufungua, pweza walikuwa na uzito gani? Mwamba wa jirani ambao haukufungwa, huko nako ilikuwaje? Na siku hiyo waliingia majini watu wangapi? Hili la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi. Kilo 60 walizovua watu 6 si sawa hata kidogo na kilo 60 walizovua watu 20. Kama daftari lina kilo peke yake, hamna data, mna kumbukumbu ya biashara.

Basi kaeni ufukweni maji yanapoanza kujaa na wavuvi wanaporudi. Andikeni tarehe, bamvua (maji makubwa) au maji mafu (madogo), jina la mwamba, idadi ya waliovua, saa walizokaa, kisha uzito wa kila pweza peke yake, si wa fungu zima. Ndoo ipimwe tupu kwanza. Tumieni penseli, maana wino wa kalamu nyingi huchuruzika ukurasa ukilowa, na kila jioni pigeni picha kurasa za siku hiyo na kuzituma kwa mtu mwingine wa kuzihifadhi. Kina mama wanaovua kwa miguu wakati wa maji kupwa waandikwe sawasawa na wenye ngalawa. Pwani nyingi wao ndio wenye pweza, na daftari lisilo na wao ni la uongo.

Kuhusu tuzo zenyewe, jueni kila moja inamtafuta nani. Equator ni ya kikundi. Whitley ya Uingereza humpa mtu mmoja anayeongoza uhifadhi nchini kwake: mwaka 2019 aliipata Vatosoa Rakotondrazafy wa Madagaska, aliyekuwa akiongoza MIHARI, mtandao wa jamii za wavuvi zinazosimamia maeneo yao ya bahari. Goldman ya Marekani huombi mwenyewe; majina hupendekezwa kwa siri, kwa hiyo msipoteze usiku kutafuta fomu. Mwaka 2024 iliwafikia Nonhle Mbuthuma na Sinegugu Zukulu wa Afrika Kusini, waliosimama na watu wa Wild Coast kupinga utafutaji wa mafuta na gesi wa Shell kwa mawimbi ya sauti chini ya bahari. Earthshot, yenye pauni milioni moja kwa mshindi, inataka suluhisho linaloweza kuenea. Na nyingine zimeshakoma: hifadhi ya kisiwa cha Chumbe, hapa Zanzibar, ambako waliokuwa wavuvi walifunzwa kuwa walinzi wa matumbawe, iliingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya heshima ya Global 500 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ila orodha hiyo haitolewi tena.

Wewe mwanafunzi, anza karibu. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao Zanzibar, huandaa kongamano la kisayansi linalokusanya watafiti kutoka Somalia hadi Afrika Kusini na visiwani. Peleka bango lenye jambo moja tu ulilogundua, na grafu moja inayosomeka ukiwa umbali wa hatua tatu. Anayekusikiliza hapo ndiye atakayeandika barua yako ya mapendekezo baadaye. Barua ya mtu aliyeona mwamba wako ina nguvu kuliko ya mkubwa asiyekujua.

Kwenye fomu, epukeni sentensi kama "tumeelimisha jamii". Semeni mlifunga mwamba upi, kwa muda gani, nani aliamua kwenye mkutano upi, nini kilibadilika na nini hakikubadilika. Kilichoshindikana kiandikwe. Anayesoma mamia ya maombi humwamini zaidi anayekiri kwamba msimu wa kusi doria haikutoka.

La mwisho ni fedha na sura, na hapa nawasihi kwa moyo wote. Nimeona kikundi kikivunjika mwaka uleule kilipopigiwa makofi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesema fedha zitaingia akaunti ya nani. Kabla maombi hayajatumwa, iteni mkutano wa kijiji, wavuvi, kina mama na wachuuzi wa samaki wakiwemo. Soma maombi yote kwa sauti, kwa Kiswahili. Ulizeni nani atasafiri kupokea, picha za nani zitatumika na kama wenyewe wameridhia, fungu gani litakwenda kwenye doria na lipi kwa kijiji, na nani ataweka saini benki. Yaandikwe kwenye muhtasari, yasainiwe, nakala moja ibaki kwa sheha au mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe, na ndipo mbonyeze kutuma.