Wauguzi wa wodi ya akili: mbona hawakai?

SWALI: Ninasimamia wodi ya wagonjwa wa akili. Tuna wauguzi 24 kwa wastani, na ndani ya mwaka mmoja 6 wameondoka. Uongozi unataka tuandae semina ya msongo wa kazi. Itasaidia?

JIBU: Kwa siku mbili tatu, pengine. Sita kati ya 24 ni asilimia 25, ila asilimia haikuambii pa kuanzia. Andika kila aliyeondoka alikaa miezi mingapi, wakiwemo waliohamia wodi nyingine. Hospitali haiwahesabu, lakini pengo wamekuachia wewe. Wengi wakiwa hawakumaliza mwaka, chunguza mlivyowapokea: huenda walipewa zamu za usiku kabla hawajajua kumtuliza mgonjwa aliyepandwa na hasira. Wakiwa wakongwe, tazama vyeo na ratiba.

Ratiba huumiza kimyakimya. Anayetoka saa 3 usiku na kuingia saa 1 asubuhi ana saa 10 tu, na humo kuna safari, chakula na kuoga. Zisipungue 11. Anayemlinda mgonjwa aliye katika hatari ya kujiua asizidishe saa 2 mfululizo; baada ya hapo macho yapo, umakini umekwisha.

Muuguzi akipigwa, atibiwe, atoke wodini na mwingine ashike nafasi yake. Usimlazimishe kusimulia yote papo hapo mbele ya wenzake: kikao kimoja cha lazima hakizuii madhara ya mshtuko, na wengine huwazidishia. Mjulie hali baada ya siku chache, kisha mwezi ukiisha, maana dalili nyingine huja wenzake wakiwa wameshasahau.

Mtengee pia kila muuguzi saa moja kila mwezi ya kuzungumzia wagonjwa wanaomwelemea, na mtu asiyemjazia fomu ya tathmini. Kwa bosi wake hatafunguka.

SWALI: Siku hizi ninawaita wagonjwa kwa namba za vitanda, wala sijali. Ninaumwa?

JIBU: Si lazima. ICD-11, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022, hauuhesabu uchovu wa kazi kuwa ugonjwa. Dalili zake ni kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na ufanisi kushuka. Hizo namba za vitanda ni dalili ya pili. Likizo nayo hutoa fununu: ukichangamka ukiwa nyumbani, kazi ndiyo inayokumaliza. Huzuni ikidumu wiki 2 hata huko, usingizi na hamu ya kula vikapotea, huenda ni sonona. Muone daktari, ikiwezekana asiye wa hospitali yenu. Ukiwaza kufa, nenda leo hii.