Mwanangu, ile Ipsum iache kwa bei hiyo

Katuba, Lubumbashi

Baba,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa bado sokoni. Unasema kuna Toyota Ipsum ya 2003 inauzwa hapa mjini dola 2,400, mwenyewe anadai tatizo ni radiata tu, dola 150 na mambo yamekwisha, na wewe mfukoni una 2,800. Unaniuliza uichukue au uiache, na kwa kuwa kazini Kolwezi hawakupi ruhusa, ukaniomba nikaione. Nimekwenda. Nilimchukua fundi yule aliyekuwa akitutunzia Hiace.

Kwa bei hiyo, iache. Nakueleza kwa nini, maana nakujua: ukiambiwa hapana bila sababu, kesho utakuwa umeshatuma hela.

Nilimpigia mwenye gari mapema nikamwomba asiiwashe mpaka tufike. Tulipofika kwake Bel-Air boneti ilikuwa ya moto. Eti aliisogeza kidogo kumpisha jirani. Haya. Tukakaa kwenye viti vyake, tukanywa fanta zake, tukangoja ipoe. Injini ikishapashwa moto huwaka vizuri na kuficha mengi. Ikiwa baridi ndipo unaona inavyowaka, na moshi wa kwanza ni wa rangi gani. Wa buluu, inakula oili. Mweupe mzito usiokatika hata injini ikishapata joto, maji yanaingia mahali yasipotakiwa.

Ilipopoa fundi akafungua kifuniko cha radiata. Ndani ni maji ya bomba, rangi ya kutu. Lakini radiata yenyewe, baba, ilikuwa mpya! Inang'aa, hata vumbi letu jekundu halijaishika vizuri. Fundi akanitazama, mimi nikamtazama mwenye gari. Akasema hiyo mpya aliuziwa feki.

Basi fundi akainama na tochi ya simu na kioo kidogo, akachungulia nyuma ya injini, upande wa ndani ambako mkono haupiti vizuri. Akaniita nione. Pale kulasi, kile kichwa cha injini, inapokutana na bloku, mwili wa injini, kuna mchirizi uliokauka, mweupe unaoelekea waridi, umeshuka mpaka chini. Maji yamekuwa yakitokea hapo kwa muda. Ipsum hiyo ina injini ya 2AZ, lita 2.4, na mafundi wanaijua kwa ugonjwa huo: bloku ni ya alumini, na meno ya matundu yanayoshika bolti za kulasi, hasa za upande wa nyuma, huachia. Bolti inabaki kwenye tundu lakini haikazi tena. Maji yanavuja, injini inachemka, na ikichemka mara nyingi kulasi inapinda. Gasketi mpya, ile ya kuziba kati ya kulasi na bloku, peke yake haitibu, kwa sababu bolti haina pa kushikia. Inabidi matundu yatobolewe upya na kutiwa meno ya chuma, kazi inayotaka vifaa vyake na mkono usiotetemeka, au uweke injini nyingine.

Tuliizungusha kidogo barabara ya Kasapa. Ikitembea, mshale wa joto ulitulia katikati. Tuliposimama na kuwasha kipoza hewa, ukaanza kupanda polepole. Mwenye gari akazima redio na kuanza kutueleza habari za watoto wake.

Sasa fikiria jambo hili, hata bila fundi. Mtu ana gari ambayo ingekuwa nzima angeiuza ghali zaidi kwa mamia ya dola. Anakuambia dawa yake ni dola 150. Kwa nini hatoi hizo 150 akachukua faida yeye? Kila muuzaji akikutajia kaubovu kadogo, muulize hivyo na umwache ajibu mwenyewe. Wakati mwingine jibu ni la kweli: amefiwa, anahama, hana hata hela ya kula. Huyu alishabadilisha radiata na maji bado yanapotea. Anajua.

Fundi anakadiria dola 1,100 kwa injini ya mitumba na kazi yake, kama hakuna jingine litakalojitokeza. Ukitoa 2,400 unabaki na 400. Gari italala garaji ukitafuta zilizobaki, mvua za Novemba zitaikuta uwanjani, na unajua garaji zetu: gari ikikaa sana, betri huhamia kwa jirani, jeki huota miguu.

Watu watakuambia rahisi ni ghali. Mimi siamini hivyo moja kwa moja. Hiace yetu tuliinunua ikiwa na matundu ya kutu mlangoni, viti vimechanika, shokamzoba zimekufa, na watu walicheka. Injini na giaboksi vilikuwa vizima. Shokamzoba tulibadilisha mbili mbili kadiri hela ilivyoingia, na gari ilikuwa ikibeba abiria siku hiyo hiyo. Ubovu wa namna hiyo ununue bila hofu: matairi, rangi, taa, viti, mipira ya miguuni. Unalipa huku unatembea. Injini inayochemka na giaboksi ya otomatiki inayochelewa kushika hazikupi nafasi hiyo. Zinakusimamisha kwanza, halafu ndipo zinaomba hela.

Karatasi nazo. Karte roze, kadi ya gari, ina jina la mtu mwingine, eti shemeji aliyehamia Kinshasa. Gari iliingia kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, lakini risiti ya ushuru wa DGDA, watu wa forodha, hakuwa nayo, "iko nyumbani kwa mdogo wangu". Namba ya chasi tuliisoma kwenye chuma na inalingana na karatasi, hilo nampa. Lakini bila risiti ya forodha na bila huyo shemeji kutia sahihi, unanunua gari na kesi ndani yake.

Na hili la mwisho hukuliuliza: usukani wake uko kulia, kama nyingi zinazotoka Japani. Ndani ya mji unazoea. Lakini wewe unataka kuitumia kuja na kurudi Kolwezi, kilomita kama 300, nyuma ya malori ya madini. Kwetu tunapita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo ukitaka kulipita lori inabidi uingize karibu gari nzima upande wa wanaokuja ndipo uone kinachokuja. Wenzako humtegemea aliyekaa mbele kushoto: "Pita! Hapana, rudi!" Ukiwa peke yako usiku nani atakuambia?

Nilimwachia bei yangu: dola 1,200, kama gari isiyo na injini, na baada ya karatasi kukamilika. Alicheka. Atakupigia wewe jioni, kwa kuwa ameona mama hasogei, na atakuambia kuna mteja wa Likasi anakuja asubuhi. Mwache huyo wa Likasi aje. Usitume hata dola kumi kwa simu ya "kuishikilia".

Fundi anajua Toyota IST moja iko Kampemba, ndogo, mlango umebonyea, mwenyewe anataka 2,700, na tunaweza kuikuta ya baridi Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kabla hajaenda kazini. Sijaiona, siisifii. Niambie kabla ya Ijumaa kama niende. Na huyu wa Ipsum akikuuliza una kiasi gani, mwambie hela anashika mama.

Fundi nilimpa franka za usafiri na za kazi yake. Hizo utanirudishia mwisho wa mwezi.

Mama yako