Barua kwa Mwanangu: Mbwa Mwitu Aliye Kwenye Kasha Langu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hapa Majengo sote tu wazima, hofu ni kwenu mlio mbali. Mama yako anakusalimu na anasema zile kanga zimefika.

Uliponipigia simu Ijumaa uliniuliza jambo nikakujibu juujuu, kwa sababu ya makelele ya watoto. Ulisema siku ile ya Idd, ulipokuwa ukinipangia kasha, ulikiona kile kitambaa cha kushonea begani chenye kichwa cha mbwa mwitu. Ukataka kujua ni cha kikosi gani, na kama ni kweli kwamba wenye alama hiyo ndio waliokuja Mombasa kutukinga na Idi Amin, kama nilivyokuwa nikikusimulia ulipokuwa mdogo. Nimelifikiri siku tatu. Nakujibu kwa maandishi, mama, kwa kuwa sehemu ya ile hadithi niliisema vibaya, na sitaki mjukuu wangu airithi hivyo.

Kitambaa ni cha VF-1, kikosi cha ndege za kivita cha jeshi la majini la Marekani. Wenyewe walijiita Wolfpack, yaani kundi la mbwa mwitu. Mbwa mwitu wa kwao wa nchi za baridi, siye huyu wetu wa Tsavo mwenye madoa. Kikosi kilianzishwa tarehe 14 Oktoba 1972 katika kambi ya Miramar, karibu na San Diego, siku moja na pacha wake, VF-2. Vyote viwili vilianzishwa kwa ajili ya ndege moja mpya, F-14 Tomcat.

Hiyo ndege, mwanangu, wewe uliyesomea umakanika utaielewa kuliko mimi. Ina injini mbili na watu wawili: rubani mbele, na nyuma yake afisa wa rada. Rada yake iliweza kufuatilia ndege 24 kwa wakati mmoja na kuelekeza makombora sita kwa shabaha sita tofauti. Kubwa zaidi ni mabawa. Umewahi kumwona mwewe anavyotandaza mabawa akiwa anaelea, kisha anayakunja anaposhukia vifaranga? Ndivyo ilivyokuwa. Ikienda polepole mabawa yalitanuka, ikishika kasi yalirudi nyuma hadi nyuzi 68, na ilijipangia yenyewe kwa kompyuta, rubani asiguse kitu. Ilihitaji hivyo kwa sababu ya mahali inapokaa. Manowari ya kubebea ndege haina uwanja wa kukimbilia. Ndege inarushwa kwa manati ya mvuke, na ikirudi inateremsha ndoano mkiani inase waya uliotandazwa sitahani. Magurudumu yakigusa tu, rubani anazipa injini zote nguvu kamili badala ya kuzipunguza, maana ndoano ikikosa waya lazima apae tena, la sivyo ni baharini. Na hayo wanayafanya usiku pia. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilidhani Kiingereza changu kimenidanganya.

VF-1 na VF-2 ndio waliokuwa wa kwanza kuipeleka Tomcat safarini, Septemba 1974, ndani ya USS Enterprise, manowari ya kwanza ya kubebea ndege kuendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Safari ile haikuwa nyepesi. Injini za kwanza za Tomcat zilikuwa na kasoro, na mapema mwaka 1975 VF-1 walipoteza ndege mbili kwa sababu ya injini. Mwishoni mwa Aprili 1975 wakawa angani juu ya Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, wakilinda helikopta zilizokuwa zikihamisha watu mji ulipokuwa unaanguka. Hawakufyatua kitu.

Sasa nifike kwetu.

Ujue hapa zilikuwa meli mbili, nami nilizifanya moja. Ya kwanza ilikuja Julai 1976. Waisraeli walikuwa wamevamia uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, usiku wa kuamkia tarehe 4 kuwaokoa mateka wa ndege iliyotekwa, na ndege zao zikatua Nairobi kutia mafuta wakati wa kurudi. Amin akaiona Kenya mshirika wa adui na akaanza kutishia vita. Sisi vibarua wa bandari ya Kilindini tuliyasikia hayo kwa uzito, kwa sababu mizigo ya Uganda ilikuwa ikipita mikononi mwetu. Ndipo Marekani ikaleta manowari nyingine ya kubebea ndege, USS Ranger, nje ya pwani ya Kenya. Hiyo ndiyo iliyokuja kwa sababu yetu. Lakini haikuwa na mbwa mwitu: vikosi vyake vya kivita vilikuwa VF-21 na VF-154, na vilirusha ndege za aina nyingine, Phantom.

Ya pili ni Enterprise, Februari 1977, na VF-1 walikuwemo. Ilikuja Mombasa kwa mapumziko, mwishoni mwa safari ya miezi saba. Mji ulijaa mabaharia. Mmoja wao, kijana wa rika langu mwenye mikono iliyoingia grisi mpaka kwenye kucha kama yangu, alikuwa amepotea Mji wa Kale, nikamwongoza hadi Ngome ya Yesu. Hakuwa rubani, alikuwa fundi wa injini. Tukakaa kwenye kivuli cha ukuta tukanywa madafu, naye akanieleza kazi yake kwa mikono na maneno machache niliyoyajua. Tulipoagana akanipa kile kitambaa.

Siku hizohizo, tarehe 16, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana la Uganda aliuawa Kampala. Serikali ya Amin ikatangaza kwamba ni ajali ya gari, na hapa hakuna aliyeamini. Rais Carter wa Marekani alipolaani, Amin akaamuru Wamarekani walioko Uganda, wengi wao wamisionari, wasitoke nchini mpaka wakutane naye. Enterprise ilikuwa imeshaondoka Mombasa siku chache nyuma, inaelekea kwao. Ikaamriwa ibaki, ikazunguka katika bahari yetu kiasi cha wiki moja, wanamaji wake na marubani wakijiandaa kwenda kuwatoa watu wao. Mwanzoni mwa Machi Amin akalegeza amri, na meli ikaenda zake.

Kwa hiyo jibu ni hapana, mama. Mbwa mwitu hawakuja kutukinga sisi. Walikuja kupumzika, wakabakizwa kwa ajili ya raia wao. Na tazama ramani: kutoka baharini hadi Entebbe ni kama kilomita 900, na huwezi kufika bila kupita juu ya nchi ya mtu. Kama wangeamriwa kwenda, anga ya kupita ingekuwa yetu, na hasira za Amin zingerudi kwetu. Hilo sikulifikiria nikiwa kijana. Niliona ndege tu.

Mengine ya kikosi ni mafupi. Mwaka 1980 VF-1 walihamia meli ileile, Ranger, na humo ndimo walimokuwa wakati wa vita vya Ghuba. Tarehe 6 Februari 1991 Tomcat ya VF-1 iliangusha helikopta ya Iraki aina ya Mi-8. Katika vita vile vyote huo ndio ushindi pekee wa angani wa Tomcat, maana doria za ndani zaidi ya Iraki walipewa ndege za F-15 za jeshi la anga la Marekani. Ndege iliyotengenezwa kuzuia ndege za mabomu za Urusi kutoka mbali mno, iliyoangushwa nayo ni helikopta.

Safari yao ya mwisho iliwaleta jirani tena. Desemba 1992 Ranger ilikuwa nje ya Mogadishu, majeshi ya Marekani yalipoingia Somalia kulinda chakula cha wenye njaa. Wewe ulikuwa darasa la pili, na wakimbizi walikuwa wamejaa Mombasa. Utakumbuka wale watoto uliogawana nao daftari. Sikujua wakati ule kwamba kikosi cha kitambaa changu kiko kaskazini yetu kidogo tu. Mwaka uliofuata Ranger ilistaafishwa, na VF-1 ikavunjwa. VF-2, yule pacha, ipo hadi leo, ingawa inarusha ndege nyingine.

Nimekirudisha kitambaa kashani, safari hii pamoja na karatasi niliyoandika kwa kalamu: VF-1, meli Enterprise, Mombasa, Februari 1977, zawadi ya fundi. Kuhusu Amin sikuandika kitu. Mjukuu wangu akiuliza, msomee barua hii.

Ni mimi babako,
Majengo, Mombasa