Kamera imekunywa maji ya bahari, bima ya gari inahusika?

*Shikamoo kaka. Mi napiga picha za harusi huku Tanga. Jumamosi tulikua na maharusi ufukweni Pangani, narudi nyuma nipate fremu pana wimbi likanipiga magotini nikaanguka na mashine yote, Canon 5D Mark IV na lenzi yake ya 24-70. Nikaitoa fasta nikaiwasha, ikawaka kidogo ikazima mpaka leo. Nimeifukia kwenye ndoo ya mchele siku ya nne sasa. Kuna fundi anataka laki sita aioshe. Gari yangu ina bima kubwa, na kamera huwa inakaa kwenye gari muda wote, je wanaweza kunilipa? Nina harusi nyingine wiki ijayo, nimechanganyikiwa.*
*Kijana wa Chumbageni, Tanga*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, najua iyo mashine ndo kodi ya nyumba. Kabla hujaendelea kusoma nenda kaitoe kwenye mchele, toa betri, toa memori kadi. Kadi ifute na kitambaa kikavu, iache ikauke kabisa alafu ijaribu kwenye kompyuta, mara nyingi kadi inapona hata kama bodi imekufa, na picha za wale maharusi ndo deni lako la kwanza.

Mchele hautoi chumvi. Maji yatakauka sawa, ila chumvi inabaki kwenye madabodi, na chumvi inavuta unyevu wa hewani, na huku kwetu pwani unyevu upo usiku na mchana, kwaiyo shaba inaendelea kuliwa taratibu hata kamera ikiwa kabatini. Na pale ulipoiwasha uliongeza kasi maana umeme ukipita kwenye maji ya chumvi zile njia ndogo za shaba zinaliwa haraka mno. Nishawahi kufungua ya mwenzangu iliyolowa Kigamboni, alikaa nayo wiki mbili akisubiri ikauke. Natoa kifuniko cha chini nakuta vichwa vya skrubu vina unga mweupe, kwenye vile vibati vya betri kuna ukoko wa kijani, nikagusa waya mmoja na kibanio ukakatika wenyewe kama jani kavu. Ingekuja siku ile ile tungekua na cha kuokoa.

Fundi usimpe laki sita mkononi. Mlipe kwanza ela ya kufungua na kukagua, muombe akupigie picha za ndani na simu, alafu ndo muongee bei ya kazi. Muulize anasafishia nini: kama anatumia spiriti ya isopropili ya asilimia 99 sawa, akikutajia petroli au thina chukua mzigo wako uondoke. Na hata ikiwaka usiende nayo harusini kama kamera kubwa, iliyolowa chumvi inaweza kufanya kazi miezi miwili alafu ikazimika wakati bwana harusi anavishwa pete. Wiki ijayo kodi kamera nyingine, hata kama faida yote itaishia kwenye kukodi. Flashi kama nayo ililowa usiifungue mwenyewe kabisa, mle ndani kuna kapasita, kile kidude kinachotunza umeme, ya volti 300 hivi na inabaki na umeme hata betri ukiwa umeitoa.

Sasa bima. Bima kubwa ya gari ni ya gari. Kwa kawaida mali ya biashara uliyoiweka kwenye buti haimo, na yako isitoshe imeharibikia baharini. Hata wale wenye bima ya moto na wizi ya studio wanajidanganya, ile inalinda vitu vikiwa ndani ya jengo lililoandikwa kwenye mkataba, ukivuka mlango umeachwa peke yako. Sisi kazi yetu iko nje, kwaiyo unachotakiwa kukata ni bima ya hatari zote, inayofuata kifaa popote kilipo na inayosema wazi kwamba kinatumika kibiashara. Kuanguka kwa bahati mbaya, kulowa, kuibiwa, hayo ndo inayobeba. Kuchakaa haibebi, kwaiyo shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila ukipiga picha, ikifa kwa uzee ni yako (iyo 5D Mark IV shata yake ilipimwa kwa mipigo 150,000), fangasi kwenye lenzi pia ni yako. Soma sana kipengele cha kuacha vifaa kwenye gari, kampuni nyingi hazilipi kama gari ilikua haina mtu au begi lilikua siti ya nyuma linaonekana.

Na siku ukiwa nayo bima, usikimbilie kwa fundi. Toa betri, piga picha kamera ilivyo, toa taarifa kwa kampuni siku hiyo hiyo, usubiri ruhusa yao ndo ifunguliwe. Wengi wamekosa fidia kwasababu walitengeneza kwanza.

*Wakala ananiambia vifaa vyangu vya milioni 8 niviandikishe milioni 4 ili nilipe ela ndogo kwa mwaka. Nikubali?*
*Dada wa Mwanza*

Usikubali dada yangu. Ukiandikisha nusu ya thamani wanakulipa nusu ya kila hasara, sio tu kamera ikipotea yote. Lenzi ya milioni 2 ikivunjika wanachukua nusu, inabaki milioni 1, alafu wanakata kile kiasi ambacho mkataba unasema unabeba mwenyewe. Mkononi unaweza kubaki na laki nane, na lenzi bado inauzwa milioni 2. Andika bei ya kununua kipya leo, sio uliyonunulia 2018. Orodhesha kila kitu na serial namba yake, tunza risiti ya EFD. Kama ulinunua mtumba Kariakoo bila risiti, andikishaneni na muuzaji mkataba wenye serial namba na sahihi. Ukishalipa hakiki bima yako kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia bima, wakala feki wapo na utawajua siku ya msiba.

*Lenzi yangu ina kama nyuzi za buibui ndani. Niifute?*
*Msomaji, Unguja*

Ni fangasi, ipo ndani, kufuta kwa nje hakusaidii. Itenge na lenzi zingine leo, mpelekee fundi wa lenzi mapema kabla haijala ile rangi ya juu ya kioo, ikishaila haisafishiki. Zilizobaki zitoe kwenye begi la ngozi, weka kwenye deli la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na silika jeli, vile vipunje vinavyonyonya unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu, kisome kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikibadilika rangi ikaange kwa moto mdogo irudi.