Maswali na majibu: Mboji, mitaro na maji ya Kagera

Barua nyingi za safari hii zinahusu vinamasi vya mboji vya bonde la Kagera, kuanzia vilima vya Rwanda na Burundi hadi mto unapoingia Ziwa Victoria. Nimejibu zile zilizouliza kitu.

Hiyo mboji si ndiyo hii tunayotengeneza kwa majani na samadi?

Siyo, na hili nalijibu kwa mara ya tatu mwaka huu. Ya shambani unaipata kwa miezi michache. Ya kinamasi ni mafunjo yaliyokufa, yakazama, yakakosa hewa na kushindwa kuoza. Hujengeka kwa takriban milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo kina cha mita moja ni kazi ya miaka elfu. Chimba mtaro, maji yashuke, hewa iingie: akiba yote inaanza kuoza, hewa ukaa inapaa, nitreti (chumvi za nitrojeni zinazorutubisha mimea) zinateremka mtoni, na ardhi yenyewe inatitia mwaka hadi mwaka mpaka mtaro wa jana hautoshi, unachimba mwingine.

Kijijini kwetu tumepanda mikaratusi ndani ya kinamasi ili kukirejesha. Itachukua muda gani?

Mtangoja sana. Mkaratusi hunywa maji kuliko ng'ombe wenu wote, na wazee walioupanda mabondeni zamani walijua wanachofanya: walitaka kukausha. Kinamasi hurejea kwa kuziba mitaro. Mbao, viroba vya udongo wa mfinyanzi, na kizuizi kingine kila maji yanaposhuka kiasi cha shubiri. Kisha chomeka bomba la plastiki lililotobolewa ubavuni na uingize kijiti kila wiki. Kijiti kikilowa karibu na usawa wa ardhi, mambo yanakwenda. Ukikuta maji yako nusu mita chini, kuna mtaro hujauona, na mara nyingi uko kwenye shamba la mtu ambaye kikao hakimgusi. Miche ina faida moja tu: mgeni rasmi hupendeza akiwa ameishika.

Kinamasi kiko Rwanda, mimi navua samaki Tanzania. Kinanihusu nini?

Fuata maji. Kinamasi cha Rugezi kiko kaskazini mwa Rwanda, karibu na mpaka wa Uganda. Maji yake huingia Ziwa Burera, yakashuka kupitia mitambo ya umeme ya Ntaruka hadi Ziwa Ruhondo, yakaenda mto Mukungwa, kisha Nyabarongo, kisha Kagera, na Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Mbolea na tope linalotoroka huko juu linakuja kulisha magugu maji yanayokunasia nyavu.

Rugezi yenyewe ni somo. Ilipokaushwa na kulimwa, ukame nao ukaongezeka na maji yakatumiwa kupita kiasi, Burera ilishuka. Kufikia 2004 Ntaruka ilikuwa hoi na nchi ikawasha jenereta za dizeli kwa gharama ya kutisha. Serikali ikasimamisha kilimo ndani ya kinamasi, ikazuia mmomonyoko vilimani, na maji yakarudi. Husifiwa sana, na inastahili. Ila wanaosifu humsahau aliyekuwa na viazi vyake mle ndani. Yeye alipoteza shamba, umeme ukawaka mjini.

Hapo ndipo ushirikiano wa kikanda unapokwama. Anayeziba mtaro yuko juu, anayepata maji safi yuko chini, na kati yao kuna mpaka. Taasisi hazijawahi kupungua: Shirika la Bonde la Kagera lilianzishwa 1977, likavunjwa 2004. Mpango wa Bonde la Mto Nile upo tangu 1999. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu. Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile ulianza kutumika Oktoba 2024, na nchi zote nne za Kagera, yaani Rwanda, Burundi, Uganda na Tanzania, zimeuridhia. Kwa maoni yangu, kinachotakiwa sasa ni mfuko ambao walio chini wanauchangia na aliyeacha kulima juu analipwa kutoka humo kila msimu, si mara moja kisha asahauliwe. Hili likikosekana, atafungua mtaro usiku, nami sitamlaumu.

Kinamasi kikirudi, mbu je?

Utafiti wa Kabale, Uganda, uliochapishwa 2000, ulikuta vijiji vilivyo kando ya vinamasi vilivyolimwa vina joto zaidi kuliko vya kando ya mafunjo, na vipimo vya malaria vilielekea kuwa juu zaidi huko, ingawa tofauti hiyo haikuthibitika kitakwimu. Hofia kwanza vidimbwi vya mitaroni.

Nimesoma kuwa kinamasi chenye maji hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Si bora kibaki kikavu?

Kweli hutoa, hasa miaka ya mwanzo. Lakini methani huisha angani kwa muongo mmoja na ushei, ilhali hewa ukaa ya mboji kavu hukaa karne na karne na haikomi kutoka hadi mboji iishe. Ziba. Tena kama eneo lilitiwa mbolea miaka mingi, usitegemee maji safi mwezi ujao: maji yakirudi, fosforasi, kirutubisho cha mbolea kilichoshikwa na udongo, huachiliwa. Acha mafunjo yainyonye, uyakate, uyatoe nje usuke mikeka. Ukiyaacha yaozee palepale, hujatoa kitu.

Kwa nini tusiichome mboji tupate umeme?

Rwanda imejenga mitambo ya hivyo Gishoma na Gisagara. Naelewa shida ya umeme. Bado sioni hesabu inayokubali kuchoma kwa msimu mmoja kilichojengeka kwa miaka elfu, hasa pale kinamasi kilekile kinapotunza maji ya kuzungusha mitambo mingine.

Maji ya bomba letu yana rangi ya chai. Nichemshe?

Chemsha kwa ajili ya vijidudu, rangi haitatoka. Ni mabaki ya mboji, na klorini ikikutana nayo hutengeneza kemikali zisizotakiwa. Waulize wahusika wa maji wanachuja nini kabla ya kutia dawa.

Tunaandika mradi wa kurejesha kinamasi. Tuanze na semina ya siku ngapi?

Hamjasema kinamasi chenu kina mitaro mingapi. Nendeni mkahesabu, kisha mniandikie tena.