Maswali na Majibu: Kamba ya Zana ya Mfukoni

Zana ya mfukoni, ile iliyokunja koleo, kisu na bisibisi mahali pamoja, huponyoka mkononi kirahisi, hasa mikono ikiwa na mafuta au maji. Ndiyo maana maswali ya kuifunga kamba hayakauki. Haya ni ya safari hii.

Nimenunua kamba ya parashuti, lakini haipiti kwenye tundu la zana yangu. Nilitoboe liwe kubwa?

Usitoboe. Chuma kile kigumu kitakuharibia keekee, na ukingo wa tundu utadhoofika. Kamba ya parashuti ya kawaida ina unene wa milimita 4 hivi: ganda la nje lililosukwa, na ndani yake nyuzi za nailoni, kwa kawaida 7. Zichomoe hizo nyuzi za ndani. Ganda likibaki peke yake hulala bapa na kupenya mahali ambapo kamba nzima iligoma. Kwa zana isiyofika hata nusu kilo, nguvu inayobaki inatosha na kuzidi.

Likigoma bado, kunja waya mwembamba, upitishe tundu lote, kisha uvute kamba kwa huo waya. Njia nyingine ni kutia pete ndogo ya funguo kwenye tundu, na kamba ukaifunga kwenye pete. Mimi hupenda pete hata tundu likiwa kubwa, kwa sababu baadhi ya matundu yana ukingo mkali unaokata kamba polepole bila wewe kujua. Pitisha ukucha ukingoni. Ukikwaruza, sugua kwa msasa laini.

Nifunge fundo gani? Langu hulegea kila baada ya siku chache.

Nailoni inateleza, hapo ndipo shida ilipo. Fundo la kawaida la kufungia mizigo, la kupishanisha ncha mara mbili, halishiki vizuri kwenye kamba laini kama hiyo. Fanya hivi: kunja kamba katikati, sukuma mkunjo kwenye tundu, kisha pitisha ncha zote mbili ndani ya mkunjo huo na uvute. Kamba itajikaba yenyewe kwenye chuma, na kadiri inavyovutwa ndivyo inavyozidi kukaza.

Sasa shika ncha zote mbili pamoja kana kwamba ni kamba moja, uzifunge fundo moja la kawaida mwishoni. Watu wengi huishia hapo, na ndiyo maana linalegea. Vuta kila kipande cha kamba kinachotoka kwenye fundo peke yake, kimoja baada ya kingine, kwa koleo ukiweza, mpaka fundo liwe gumu kama kokoto. Acha mikia ya sentimita 2 au zaidi. Jaribu kwa kuning'iniza zana juu ya kitanda na kuitikisa kwa nguvu. Ikiponyoka, iangukie godoro.

Ukishafunga fundo la mwisho kabla ya kuiweka kwenye zana, bado hujaharibu kitu. Pitisha kitanzi kwenye tundu, halafu ipitishe zana nzima ndani ya kitanzi. Hakikisha tu kitanzi ni kirefu kuliko zana.

Iwe ndefu kiasi gani?

Ya kuchomolea mfukoni tu, kata sentimita 35 hivi. Ukishafunga itabaki kama 10 ya kushika. Ya kuvaa mkononi, zungusha kamba kwenye kiganja ulichokikunja kidole gumba, kisha ongeza ya mafundo. Ikizidi hapo itanasa kwenye kila kitasa.

Ncha zinachanua. Nizichome?

Nailoni, ndiyo. Isogeze karibu na moto mpaka iyeyuke, kisha ibonyeze kwa ubapa wa kisu, kamwe si kwa kidole. Nailoni iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Kamba ya pamba haiyeyuki bali huungua. Hiyo izungushie uzi na kushona.

Naweza kuivaa shingoni?

Kwa kamba hiyo, hapana. Kamba ya parashuti iliyo nzima hubeba takriban kilo 250 kabla ya kukatika, yaani shingo yako itaumia mapema zaidi. Ukitaka ya shingoni, tafuta yenye kifungo kinachoachia kikivutwa. Na karibu na keekee au mashine yoyote inayozunguka, usivae kabisa, hata ya mkononi. Mashine ikishanasa kamba huvuta na mkono.

Nikifungua koleo, kamba inabanwa katikati ya mikono yake. Nifanye nini?

Kwanza ifupishe. Kisha fungua kila kifaa kimoja kimoja, kisu, msumeno, bisibisi, ukiangalia kamba inalala wapi. Kama bado inaingia njia ya kisu, ondoa. Zana isiyo na kamba ni salama kuliko kisu kinachokwama nusu wazi.