Kigeorgia na Kimarathi: Mswahili, anza na "alikula"

Msomaji ameniandikia wiki hii: kati ya Kigeorgia na Kimarathi, kipi kigumu zaidi kwa mtu aliyekulia kwenye Kiswahili? Swali hilo nalisikia mara nyingi, na mara nyingi anayeliuliza anatafuta ruhusa ya kutoanza. Afadhali uulize ushike wapi kwanza. Jibu langu ni moja kwa lugha zote mbili: shika wakati uliopita, nafsi ya tatu, kitenzi chenye kitu kinachotendwa. Mwanamume alikula embe. Mwanamume aliandika barua. Mengine yatafuata.

Lugha hizi hazina undugu. Kimarathi ni jamaa wa Kihindi na Kigujarati, na kwao ni jimbo la Maharashtra, penye miji ya Mumbai, Pune na Nagpur. Sensa ya India ya 2011 iliwahesabu watu kama milioni 83 wanaokitaja kuwa lugha yao ya kwanza. Kigeorgia ni cha ukoo mdogo wa Kikartveli, huko Kaukazi, eneo la milima kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Lakini kila moja kwa njia yake imefikia utaratibu ambao Kiswahili hakina: kazi ikishatendeka, jina la mtenda linavaa kiambishi.

Tazama Kigeorgia. *K'atsi ts'erils ts'ers*, mwanamume anaandika barua. Mtenda ana -i, barua ina -s. Sasa uliopita: *k'atsma ts'erili dats'era*, yaani კაცმა წერილი დაწერა. Mtenda amepata -ma, na barua imechukua ile -i iliyokuwa ya mtenda. Jina likiishia kwa vokali, -ma inapungua kuwa -m: *deda*, mama, anakuwa *dedam*.

Kimarathi nacho: *to āmbā khāto*, yeye (mwanamume) anakula embe. Uliopita: *tyāne āmbā khāllā*. *To* amegeuka *tyāne*, na -ne hiyo inafanya kazi ileile ya -ma. Hapo ndipo wengi wanafurahi wakidhani wamemaliza, kumbe tofauti kubwa imejificha kwenye kitenzi. Kwa Kigeorgia kitenzi bado kinamfuata mtenda. Kwa Kimarathi kinamwacha na kufuata kinacholiwa. Embe ni la kiume, kwa hiyo *khāllā*. Chapati, *poḷī*, ni ya kike: *tyāne poḷī khāllī*. Ndizi, *keḷa*, haina jinsia ya kiume wala ya kike, iko katika kundi la tatu: *tyāne keḷa khālla*, kwa a fupi mwishoni. Yule mtu hajabadilika, kilichobadilika ni chakula.

Sasa wewe mwenye Kiswahili, unaogopa nini hapo? Toka utotoni unasema embe limeliwa, ndizi imeliwa, chakula kimeliwa. Upatanisho wa ngeli umo kinywani mwako. Jinsia tatu za Kimarathi ni ngeli chache kuliko zako. Inaniuma kuona watu wetu wakijifunza lugha hizi kwa kupitia vitabu vya Kiingereza, wakimeza maelezo marefu yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wasiojua upatanisho kabisa. Ila usivuke mpaka ukaifanya sentensi ya Kimarathi kuwa ya kutendwa. *Tyāne* bado ndiye mtenda, na sentensi ni "alikula", si "limeliwa naye".

Zingatia pia mimi na wewe. Katika lugha zote mbili, nafsi hizi hazivai kiambishi cha mtenda. Kigeorgia: *me davts'ere*, niliandika. Kimarathi: *mī āmbā khāllā*, nilikula embe. Ndiyo maana nasisitiza nafsi ya tatu. Anayeanza na "mimi", kama vitabu vingi vinavyofanya, anaweza kukaa muda mrefu bila kuiona -ma wala -ne, kisha zikitokea anadhani ni kanuni mpya.

Makosa yanakuja kwenye vitenzi visivyo na mtendwa. Mtoto alilia: Kigeorgia kinasema *bavshvma it'ira*, kwa -ma, ingawa hakuna kilicholiliwa. Kimarathi kinasema *mulgā raḍlā*, bila -ne. Lakini mtu aliondoka ni *k'atsi ts'avida*, hapo Kigeorgia hakitaki -ma. Kimarathi nacho kina vitenzi vyake vikaidi: *bolṇe* (kusema), *visarṇe* (kusahau) na *śikṇe* (kujifunza) havichukui -ne, hata kama kuna kitu kilichosahauliwa au kujifunzwa. Na mtendwa akiwa mtu mwenye kiambishi -lā, kitenzi kinaacha upatanisho na kukaa kwenye umbo la jinsia ya tatu: *tyāne mulīlā pāhila*, alimwona msichana.

Kigeorgia kina zawadi nyingine kwetu: kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi. *Mkhedavs*, ananiona. *Gkhedavs*, anakuona. Mwingereza anahangaika hapo, wewe unapita. Lakini tahadhari. Sisi tunasema ninakuona, ni- na -ku- zote zinakaa. Kigeorgia kina nafasi moja tu mbele ya shina. "Ninaona" ni *vkhedav*, na g- ya "wewe" ikiingia, v- ya "mimi" inatolewa: *gkhedav*. Ukisema *vgkhedav* umetafsiri kutoka Kiswahili. Na *gkhedavt* inaweza kuwa ninawaona ninyi, tunakuona, tunawaona ninyi, au anawaona ninyi. Muktadha ndio unaoamua, zoea hivyo.

Kwa matamshi, wenzetu wa Mombasa na Unguja wanaotofautisha paa wa porini na paa la nyumba kwa mpumuo wamekaribia sana. Kimarathi kinatenganisha k na kh kwa mpumuo huohuo. Kigeorgia kinauweka upande mmoja, na upande wa pili kinafunga koo kabisa kisha kufyatua: *kari* ni upepo, *k'ari* ni mlango. Weka kiganja mbele ya mdomo. Kwenye *kari* utahisi pumzi, kwenye *k'ari* usihisi kitu.

Herufi zisikuchukulie muda. Kigeorgia kina herufi 33, kila moja na sauti yake, bila herufi kubwa. Devanagari, mwandiko wa Kimarathi, inataka uangalifu zaidi, kwani च inasomwa *ch* katika चार (nne) lakini *ts* katika चांगला (nzuri), bila alama yoyote ya kukuonyesha.

Fanya hivi basi. Chagua vitenzi kumi vyenye mtendwa. Kila kimoja kiandikie sentensi ya anafanya na ya alifanya, mtenda akiwa yeye. Kwa Kimarathi, badilisha mtendwa mara tatu, jinsia zote. Kwa Kigeorgia, andika kitenzi cha uliopita pamoja na kiambishi chake cha mbele, maana kila kitenzi kina chake na hakikisiwi: *dats'era*, aliandika, *shech'ama*, alikula, *gaak'eta*, alitengeneza. Soma kwa sauti, halafu funika safu ya uliopita uitaje kwa kutazama ya uliopo tu. Ukikwama kwenye mtenda, rudia majina. Ukikwama kwenye kitenzi, rudia jinsia kwa Kimarathi na kiambishi cha mbele kwa Kigeorgia.